Kuku wanapokohoa usiku: kifaa chetu kinasikia nini, na nini hakiwezi kukuambia

Mfugaji mzoefu wa kuku wa mayai hapa Mwanza akishuku mafua bandani hasubiri kupambazuke. Huzima taa, husimama kimya mlangoni na kusikiliza, kwa kuwa gizani kuku hawana kelele za kugombea chakula, na pumzi yenye mkoromo husikika waziwazi. Huduma yetu imejengwa juu ya mazoea hayohayo. Kipaza sauti kinachoning'inizwa juu ya kuku husikiliza usiku kucha, na programu iliyomo kwenye kisanduku chake hutambua chafya, kikohozi na mkoromo, huzihesabu saa kwa saa, kisha humtumia mwenye banda ujumbe kwenye simu idadi inapopanda kupita kawaida ya banda hilo.

Kawaida hiyo hutofautiana mno. Banda la Buswelu lililoezekwa kwa bati bila dari hunguruma mvua inaponyesha hadi kila sauti nyingine inapotea, na lile la Igoma lililo karibu na barabara hupokea malori hadi usiku wa manane. Kwa sababu hiyo kifaa huanza kwa kujifunza banda bila kutoa tahadhari yoyote, na saa za mvua kubwa hatuzihesabu kabisa. Ni afadhali tukuambie kwamba hakikusikia kuliko kukupa namba isiyo ya kweli.

Jambo ambalo tungependa kila mteja alielewe kabla ya kulipa ni kwamba kifaa hakitaji ugonjwa. Mdondo (Newcastle), mafua ya kuku, bronkaitisi ya kuambukiza na maikoplazma, yote ni magonjwa ya kuku ambayo yanaweza kumfanya kuku akohoe na kukoroma. Tena huenda kusiwe na ugonjwa wowote: chanjo hai ya mdondo, yaani yenye virusi hai vilivyo dhaifu, kama LaSota, inaweza kuleta chafya nyepesi kwa siku kadhaa, ndiyo maana tunamwomba mfugaji atujulishe tarehe ya kila chanjo. Pumba za mpunga zinazotandikwa sakafuni nazo zikilowa hutoa amonia, gesi yenye harufu kali inayowasha njia ya hewa. Kwa hiyo ujumbe ukifika, ingia bandani na uchuchumae hadi pua yako iwe usawa wa kuku, maana amonia isiyosikika ukiwa umesimama huweza kuwa kali pale chini. Chota pumba karibu na vyombo vya maji, uziminye kiganjani. Zikishikamana kama donge, zimelowa na zinapaswa kubadilishwa. Ukikuta macho yaliyovimba, kinyesi cha kijani au mayai yaliyopungua ghafla, mpigie afisa mifugo. Yeye ndiye atakayeamua kama sampuli zipelekwe Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo ina kituo hapahapa Mwanza.

Tunaumia kila tunaposikia kwamba mfugaji amesoma ujumbe wetu akakimbilia duka la dawa. Mdondo husababishwa na virusi, na hakuna antibiotiki inayouponya. Fedha hupotea, mabaki ya dawa huingia kwenye mayai yanayoliwa na watoto wetu, na bakteria huzidi kuwa sugu.

Mahali ambapo sauti humsaidia mfugaji bila utata ni kwenye vifaranga. Katika juma la kwanza bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, inatakiwa iwe na joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Umeme ukikatika au mkaa ukizimika saa nane usiku, vifaranga huanza kulia kwa sauti kali, nyembamba, inayorudiwa bila kukoma, huku wakijikusanya na kukanyagana. Kilio hicho ni tofauti kabisa na mlio laini wa kifaranga aliyeshiba na kupata joto, na kwa kuwa kisanduku kina betri yake, tahadhari hutoka hata umeme usipokuwapo.

Wafugaji wa nguruwe hutuuliza kama nao wanaweza kuhudumiwa. Utafiti upo: mwaka 2022 timu iliyoongozwa na Elodie Briefer wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ilichapisha uchambuzi wa sauti 7,414 za nguruwe 411, na mfumo wao ukatenganisha sauti za raha na za dhiki kwa usahihi wa asilimia 92. Hata hivyo, homa ya nguruwe ya Afrika isitegemewe kugunduliwa kwa kikohozi. Haina tiba, na kinga yake ni kuzuia wageni na mabaki ya chakula yasiyochemshwa kufika bandani.

Kijana anayelala karibu na banda ana haki ya kujua kwamba kipaza sauti kipo. Kifaa hakihifadhi mazungumzo, hutunza hesabu tu, lakini hatufungi chochote kabla hajaelezwa na kukubali.

Mwenye kuku wa kienyeji wachache wanaojitafutia uani hatumuuzii huduma hii. Fedha hiyo inunue chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, irudiwe kila baada ya miezi 3. Na akihitaji kuonyeshwa namna ya kuidondosha, atupigie, tutamwelekeza bila malipo.