Kikao cha seva kimehamia Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Kikao sasa ni Jumamosi saa 4 asubuhi, Kirumba, chumba kile cha juu karibu na soko la Mwaloni (harufu ya dagaa mtaivumilia).

1. Tunaandika upya faili za systemd (programu ya Linux inayowasha na kuzima huduma za seva). Hifadhidata iwake kwanza, programu ifuate. Kumbukeni "After=" hupanga zamu tu, haiwashi kitu; tuongeze "Requires=", ndiyo inayoiwasha hifadhidata programu ikiihitaji. Wiki iliyopita umeme uliporudi, programu iliwaka kabla ya hifadhidata, programu ikaanguka, nikakesha mimi.
2. Kuzima: kwa kawaida huduma hupewa sekunde 90, ikichelewa inauawa kwa nguvu. Yetu inahitaji ngapi? Mje mmeipima.
3. Chai, 3,000 kila mmoja.

Tafadhali jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nijue idadi ya chapati.