Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Wenzetu Wanahama

Ndugu wanachama,

Barua nyingi zilizofika kwenye kamati mwaka huu zilihusu uhamisho kuliko mishahara. Mwalimu wa serikali akiichoka shule ni nadra kuacha kazi. Hutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, na akimkosa hubaki kusaini daftari la mahudhurio tu. Wenzetu wa shule binafsi hungoja ajira za serikali zitangazwe.

Tulipouliza sababu, nyumba na umbali havikukosa kutajwa. Ila malalamiko mazito yalikuwa juu ya uendeshaji wa shule. Ratiba hupangwa na mtu mmoja, wengine wanaikuta imebandikwa. Mwalimu wa Fizikia aliye peke yake anabeba kidato cha kwanza hadi cha nne, na bado zamu yake ni ileile ya mwenye vipindi vichache. Vikao vya walimu vimekuwa vya kusomewa maagizo. Kuhusu fedha, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 ruzuku huingia kwenye akaunti ya shule, na pasipobandikwa mapato na matumizi, minong'ono haikomi.

Tumeona pia shule isiyo na nyumba hata moja ya mwalimu, na watu hawaikimbii. Idara hugawana vipindi zenyewe, na mwalimu mgeni hupewa mwenyeji wa kumshika mkono.

Sipendi lawama zote ziishie kwa Mkuu wa Shule. Wengi wao walitolewa darasani wakakabidhiwa ofisi. Huyo huyo anaulizwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, mtaala unatoka Wizara ya Elimu, na masuala ya nidhamu na kupanda madaraja yako Tume ya Utumishi wa Walimu.

Tusingoje. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia darasa hilo, na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa mpigo. Shule inayogombania ratiba leo itapoteza walimu zaidi siku hiyo.

Kamati inaomba ridhaa yenu iwaandikie maafisa elimu kuomba wakuu wa idara washirikishwe kupanga ratiba na zamu kuanzia muhula ujao. Tutapiga kura baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu.