Barua kwa mwanangu anayepanda Amani

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta jikoni mikono imejaa unga, mdogo wako akaniwekea simu sikioni. Kwamba mnapanda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara, ninyi watano, kwa miguu, mashanta mgongoni, na kwamba mtalala popote jua litakapowakuta. Nilinyamaza hadi mdogo wako akauliza, "Mama, kuna nini?" Hakuna kitu, baba. Nilikuwa nimeshatangulia huko.

Shanta langu la zamani bado lipo juu ya kabati. Zipu moja ilikufa, baba yako akalipeleka kwa fundi na limesharudi. Mikanda yake ni imara kuliko ya haya mabegi ya siku hizi. Utalikuta tayari ukipita hapa nyumbani Alhamisi.

Safari yangu ya mwaka 1999 nimekusimulia tangu hujajua kusoma. Unajua tulikuwa wasichana wanne, wanachuo wa ualimu, likizo ya Juni. Unajua habari za ukungu na za perere, yule mnyama wa usiku. Ila ipo sehemu moja ambayo sijamsimulia mtu yeyote, hata baba yako. Nitaifikia humu humu. Ndiyo iliyonifanya nikuandikie badala ya kukupigia.

Nianze na msitu wenyewe. Wewe huko Morogoro unasomea misitu na utanizidi kwa majina ya miti, lakini mimi nimeukanyaga, kwa hiyo nisikilize. Mtapanda gari Muheza na kushuka Sigi, langoni pa hifadhi. Hapo Wajerumani walifikisha reli ya kubebea magogo. Reli haipo tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ipo, na ndimo mtakamopokelewa. Lipeni kiingilio, kisha mchukue mwongozaji, mtoto wa vijiji vya pale pale. Asiwepo mwenzenu wa kusema ramani ya simu inatosha. Sisi tulijifanya wajuaji, utaona kilichotupata.

Kutoka Sigi njia inapanda bila huruma. Mnaanza kwenye joto kama la huku kwetu Tanga, na mkifika Amani mnatafuta sweta. Mvua huko karibu inanyesha mwaka mzima, kwa hiyo nguo kavu ifunge kwenye mfuko wa nailoni, na viatu visiwe vipya. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, usisimame juu yake kushangaa. Siafu wa kule wanapanda hadi mapajani kabla hujajua, halafu wote wanauma kwa pamoja.

Kwenye mawe yaliyolowa, kando ya vijito, mtafute dugadugani. Ni kimmea kifupi cha kukaa kwenye kiganja. Majani yake yana vinyweleo laini kama sikio la mtoto wa mbuzi, na ua lake ni la zambarau lenye nukta za njano katikati. Afisa mmoja Mjerumani, Saint Paul, aliliona huku kwetu mwaka 1892 akalituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo linakaa kwenye vyungu madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, na wengi wao hawajui kwamba limetoka kwenye mawe ya Tanga na Usambara. Piga picha, usiling'oe. Nililipigia magoti nikaliangalia hadi wenzangu wakaniita mara mbili.

Pale Amani penyewe Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande zote za dunia. Mingine haikukubali kukaa shambani. Mhesi, kwa mfano, umetoroka na kuingia msituni, na hondohondo wanaupenda kwa matunda yake, kwa hiyo wao ndio wanaoupanda bila mshahara. Utawasikia kabla ya kuwaona: mbawa zao zikipita juu zinavuma kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo mkubwa. Sisi tulipita hifadhi ikiwa na miaka miwili tu, maana ilitangazwa mwaka 1997, na wenyeji bado walikuwa wanajifunza mpaka uko wapi.

Na jambo moja usilisahau ukiwa kule juu: mto Zigi unaanzia humo. Ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani maji yanakuja mpaka kwenye bomba letu la uani. Umenyweshwa na msitu huo tangu siku niliyokutoa hospitali. Usiingie kama mtu asiyehusika.

Sasa nikupe ile siku.

Ilikuwa siku ya pili. Tulikuwa tumevuka mashamba ya chai, tukaingia kwenye njia nyembamba chini ya miti mikubwa, na iliki imepandwa kushoto na kulia, majani marefu kutupita vichwa. Saa kumi ukungu ukashuka. Ukungu wa kule hauji mbio. Unaona mti wa mbele, halafu huuoni, halafu humwoni mwenzako. Rafiki yangu mmoja akakanyaga mzizi unaoteleza akategua kifundo cha mguu. Tukamkalisha juu ya gogo, tukaanza kubishana njia ni ipi, na kila mmoja wetu alikuwa na uhakika.

Kilichotuokoa ni pua. Tulisikia harufu ya moshi, na ndani ya moshi harufu ya iliki, kali, kama mtu amefungua birika ya chai ya msibani. Tukaifuata tukimshika mwenzetu makwapani, mpaka tukaona paa.

Tulipiga hodi tukiwa bado mbali. Akatoka mama mmoja, mtu mzima, ana jivu mikononi. Hakuuliza tunatoka wapi wala tunakwenda wapi. Aliangalia mguu wa mwenzetu, akasema, "Mleteni motoni," akaingia ndani. Basi. Juu ya moto palikuwa na chanja, na juu ya chanja iliki mbichi inakaushwa, punje za kijani zimetandazwa kama shanga. Alimkanda mwenzetu kwa maji ya moto na chumvi, polepole, huku akimuuliza habari za mama yake, na yule binti akalia, si kwa maumivu. Mume alikuwa msibani kijiji cha pili. Watoto walikuwa watano, wamesimama mlangoni wakitutazama.

Halafu nikasikia kuku anakimbizwa.

Tulikula bada, yaani ugali wa muhogo, mboga ya mchunga na yule kuku. Mama alitupakulia mapaja na kidari, akatuwekea mbele. Watoto walikaa mkekani na bada na mchuzi. Mdogo kabisa alikuwa anachovya kidole na kukinyonya hadi kwenye fundo, taratibu, ili mchuzi usiishe. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na usiku ule niliona maana yake kwa macho: bila sisi kuku yule angeendelea kutaga, na mchuzi ule usingekuwepo. Furaha ya watoto wale ilikuwa ya sikukuu.

Usiku ndipo perere alipolia. Hiyo sehemu unaijua. Sauti kama ya mtu anayekabwa, inapanda, inakatika, inaanza upya. Tulishikana mikono gizani. Upande wa pili wa ukuta watoto walicheka sana, na mama akasema kwa usingizi, "Ni perere huyo, mnyama mdogo tu kama sungura, laleni."

Ninayoandika sasa hujawahi kuyasikia.

Tulikuwa tumekula, lakini tulikuwa tumetembea siku mbili, na kuomba kuongezewa tuliona aibu. Ndani ya shanta langu, hili utakalolibeba, zilikuwemo pakiti nne za biskuti tulizonunua Muheza. Hatukumwambia mtu. Tukafungua mbili gizani, tukatafuna polepole tusisikike. Mwanangu, karatasi ya biskuti haifichiki usiku. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na udongo umepasuka. Kile kicheko cha watoto kikakatika. Walinyamaza vile mtoto anavyonyamaza akiwa anasikiliza kwa mwili mzima. Nilijua wanasikia. Sote wanne tulijua. Tukaendelea kutafuna.

Asubuhi nilikuwa nje napiga mswaki, akaja binti wa kama miaka sita. "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akasimama kidogo akichora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Dada, ile karatasi unaitupa?"

Nikamletea. Nyekundu, inang'aa. Akaiweka juu ya paja, akainyoosha kwa kiganja mara nyingi, akainusa, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya gauni. Zilikuwa zimebaki pakiti mbili kwenye shanta, hatua kumi kutoka pale tulipokuwa. Sikwenda kuzichukua. Kuzitoa wakati ule ilikuwa kukiri tulichofanya usiku, na mimi nikachagua kutokukiri. Mtoto alikuwa amenusa karatasi mbele yangu, na bado nilichagua hivyo.

Mama yule alitusindikiza mpaka kijitoni, begi la mwenzetu kichwani kwake. Mmoja wetu akatoa pesa. Akaifunga ile mikono ya mwenzetu na pesa ndani yake, akasema, "Ninyi ni watoto." Akatupa iliki, amezifunga kwa jani la mgomba. Nikamwambia "hongea", asante ya Kishambaa niliyofundishwa na watoto wake, akafurahi akanishika shavu. Pakiti mbili zilizobaki tulizila Maramba tukingoja gari. Hakuna aliyesema neno.

Sikurudi tena kule. Nilikuwa nasema mwakani, mwakani, halafu nikakupata wewe, halafu mdogo wako.

Sasa, ninayokuomba. Mkifika kijiji chochote, kabla ya kutafuta pa kulala, mfike kwa mwenyekiti wa kitongoji, mjitambulishe. Wazee wapeni shikamoo zao, na asubuhi jaribuni "onga maundo", watacheka lakini watawapenda. Msipige picha ya mtu wala ya nyumba yake kabla hajakubali. Mkikaribishwa chakula, kuleni kwa raha, na mlicho nacho kwenye mabegi kitoeni mapema, kiwekwe mbele ya mama mwenye nyumba, agawe yeye. Mapema, mwanangu, kabla ya giza.

Mtapita pia upande wa Derema. Zamani watu walilima iliki mle, chini ya miti. Mashamba yale yalisimamishwa ili vipande vya msitu viungane, na wenye mashamba wakalipwa fidia. Najua darasani umefundishwa kwamba kilimo kile kiliumaliza msitu kutoka chini, kwa sababu wanafyeka miti michanga na ile mikubwa ikianguka haina mrithi. Ni kweli, na mimi naunga mkono msitu kufungwa, maana nayanywa maji yake. Lakini iliki ilinunulia watu wa kule madaftari na mabati. Ukikaa nao, waulize kwanza, wasikilize mpaka wamalize, ndipo ueleze ya darasani kama watataka kuyasikia. Usimhubirie mtu huku umeshika mkononi maji ya kunywa aliyokupa.

Mzigo wangu ni huu. Ndani ya shanta utakuta doti moja ya khanga, kilo mbili za sukari, na majani ya chai. Nimekuchorea ramani nyuma ya karatasi hii: mashamba ya chai, kijito chenye daraja la magogo, kisha nyumba yenye mfenesi mkubwa mlangoni. Mwongozaji ataijua. Yule mama akiwa hai ni bibi mkongwe sasa, mwambie wewe ni mtoto wa yule binti mwembamba aliyekuwa na sweta la kijani. Kama ametangulia mbele ya haki, mwulizie yule binti wa miaka sita. Atakuwa mama mtu mzima, huenda ana wa kwake wanaosoma. Khanga mpe yeye.

Mfuko wa mbele, ule fundi alioutia zipu mpya, nimeweka pakiti kumi za biskuti, zile zile za karatasi nyekundu. Si zako wala si za wenzako. Msizifungue njiani, hata njaa iwashike vipi.

Ni mimi mama yako,
Tanga