Bima wanasema nyumba ilikaa tupu siku 34, lakini mita ya maji inasema maji yalianza kumwagika siku ya 27

Habari zenu ndugu mshauri na wasomaji wenzangu. Naandika nimechoka, maana huu ni mwezi wa pili tunalala sebuleni familia nzima na juu yetu hamna dari, ni mbao tu na nyaya zinaning'inia. Naomba mnisome hadi mwisho hata kama nitajirudia.

Tunaishi nchi ya baridi kali, nyumba tumeinunua kwa mkopo wa benki na bima ya nyumba tunalipa kila mwezi bila kukosa, miaka sita sasa hatujawahi kudai hata kioo. Majira haya ya baridi mama yangu aliugua ghafla nyumbani, tukafunga safari wote, mpango ulikuwa wiki tatu. Kabla ya kutoka nilipita chumba kwa chumba, nikazima taa, nikachomoa vitu kwenye umeme, nikashusha thamostati, kile kidhibiti cha joto la nyumba, hadi nyuzi 10. Sikuzima hita jamani, nilishusha tu, si unajua bili ya gesi inavyouma msimu huo na nyumba haina mtu. Maji sikuyafunga kwenye koki kuu. Hapo ndipo ninapojipiga kofi mpaka leo.

Mama akafanyiwa upasuaji, wiki tatu zikawa tano. Nyuma huku baridi ikashuka hadi nyuzi 14 chini ya sifuri, siku kadhaa mfululizo. Siku ya 33 jirani yetu, mzee mmoja mstaarabu sana, akaona ukuta wa nje upande wa bafu una barafu nene inang'aa kama umepakwa nta, akajua hapa pana jambo. Ana ufunguo wetu, akaingia, akanipigia simu ya video. Sitasahau ile video. Kwanza nilisikia tu chwaa chwaa za buti zake, halafu simu ikageuka nikaona dari ya jipsamu imevimba katikati kama tumbo, na ndara za mwanangu zinaelea kuelekea jikoni. Alifunga koki kuu wakati bado tunaongea, wakati huo mi nalia.

Siku ya pili yake tukarudi. Fundi akavunja ukuta nyuma ya bafu la juu akanionyesha, kiwiko cha bomba la shaba kimechanika, ufa wenyewe mdogo hata kucha haipiti. Akanieleza maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, bomba halina pa kwenda linapasuka, ila likiwa bado limeganda halimwagi, linaanza kumwaga siku jua likitoka barafu ikayeyuka. Haya maneno yashikeni nitayarudia. Halafu akaenda kwenye boila, ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, akakuta imejizima yenyewe na kioo kinaonyesha hitilafu, kumbe kale kabomba kembamba kanakotoa maji ya boila nje nako kaliganda, boila ikiona yale maji hayatoki inajifunga. Yaani hita niliiacha inafanya kazi, baridi yenyewe ndiyo iliyoizima.

Basi nikafungua madai. Mtathmini wa bima akaja siku ya tisa, kijana mpole, anapiga picha anaandika, nikajua mambo yamekaa vizuri. Kumbe wapi. Barua ikaja, imekataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkataba unasema nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo, kinga ya mabomba kuganda na maji kuvuja inasitishwa, na sisi tulikaa nje siku 34. Ya pili, eti sikuacha joto la kutosha. Nimeusoma ule mkataba kurasa zote mpaka macho yakauma, imeandikwa "joto la kutosha" basi, namba hakuna. Yule kijana alipoulizwa akasema kawaida watu wanaacha 12 au 13. Sasa kama ni kawaida si wangeiandika?

Kuna na doa la zamani la maji pembeni ya dari ya chumba cha watoto, msimu uliopita theluji iliyeyuka juu ya paa ikagandia kwenye gata maji yakarudi nyuma chini ya vigae. Nalo wameliandika kwenye ripoti kama ushahidi kwamba nyumba ilikuwa inavuja taratibu siku nyingi, na bima inalipa la ghafla tu. Lile doa sijalidai mimi, na liko upande mwingine kabisa wa nyumba, lakini wamelichomeka humo.

Sasa sikieni hii. Mume wangu akapata wazo la kuomba kampuni ya maji rekodi za mita, maana mita yetu ni ya kisasa inasoma kila saa. Zikaja. Siku 26 za mwanzo ni sifuri tupu. Siku ya 27, saa saba mchana, maji yanaanza kukimbia na hayasimami mpaka siku ya 33 alipoingia yule mzee. Siku hiyo ya 27 ndiyo jua lilitoka. Kwa hiyo bomba lilipasuka ndani ya siku 30! Kwa akili yangu ya kawaida, siku hasara inatokea bado nilikuwa na kinga, ikiwa nilichelewa kurudi baadaye hilo lina uhusiano gani na ufa?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni shemeji yangu. Yeye anasema haya ya mita ni kujisumbua, niseme tu kuna binamu alilala pale wiki ya tatu, siku 30 zinakatika, kwisha habari, na binamu mwenyewe yuko tayari kusema. Anasema wenye bima nao wanatuibia. Nakiri usiku mmoja niliifungua ile fomu nikaanza kuandika jina la binamu. Nikafuta. Umeme unasomwa kila saa kama maji, mtu gani analala siku saba hawashi taa wala hachemshi maji ya chai? Na mkataba umeandika waziwazi ukidanganya wanaweza kuufuta wote, na mkopo wa benki una sharti la nyumba kuwa na bima. Shemeji ameninunia, ananiona mjinga, na mume wangu amekaa kimya ile kimya ya mtu anayekubaliana na kaka yake.

Naomba ushauri wa waliopitia haya au wanaofanya kazi bima. Hizo siku 30 huhesabiwa mpaka siku ya hasara au mpaka siku niliyofungua mlango? Rekodi za mita nizitume sasa hivi kwenye rufaa ya ndani, au nisubiri wakikataa tena niende kwa msuluhishi wa malalamiko ya bima? Kumlipa mtathmini wa kujitegemea anayechukua asilimia ya fidia kuna faida kweli, au nitabaki na fidia nusu? Na lile doa nilijibu au nikilijibu ndo nalipa uzito?

Barua inasema nina siku 14 zimebaki za kukata rufaa. Kapeti tulitupa kwa sababu lilishaanza kunuka, picha nilipiga kabla. Kile kiwiko cha bomba nimekiweka kwenye mfuko wa nailoni juu ya friji, fundi alitaka kuondoka nacho nikamkatalia. Nikipeleke?

Mimi, nisiye na dari