Sukari ikishuka yenyewe, msishangilie: barua ya wazi kwa vijana mnaouguza wazazi wenye kisukari

Wanangu,

Mzazi aliyeishi na kisukari miaka mingi akianza kushukwa na sukari ovyo, dozi ileile, chakula kilekile, nyumbani hushangilia, na sifa anazipata muuza mizizi. Subirini kwanza. Sehemu kubwa ya insulini ya sindano huondolewa mwilini na figo. Zikichoka, insulini hukawia kwenye damu, mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, hata kuzimia. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, nayo ni vivyo hivyo. Akiwa bado na fahamu, mpeni sukari haraka, kisha mkapime figo.

Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja. Sukari nyingi ya miaka huvitia makovu, presha ikivisukuma, mpaka albumini, protini ya damu, inavujia kwenye mkojo. Haiumi. Povu chooni na miguu kuvimba huja baadaye sana.

Kwa hiyo kitajeni kipimo kwa jina: uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) kwenye mkojo, maabara hukiandika ACR. Kile kijiti cha kawaida cha mkojo hukosa uvujaji mdogo, na huo ndio tunaoutafuta. Pelekeni mkojo wa kwanza wa asubuhi, mgonjwa akiwa hana homa wala UTI. Chini ya 30 mg/g ni salama. Ikizidi, rudieni, maana tunaamini majibu mawili kati ya matatu ndani ya miezi 3 hadi 6. Siku hiyohiyo atolewe damu ya kreatinini. Kwa kisukari aina ya 2 vipimo hivi huanza siku ya kugundulika, kisha kila mwaka.

Albumini ikivuja, daktari huandika enalapril au losartan, moja tu, si zote mbili. Hupunguza msukumo ndani ya vichujio. Wiki 2 hadi 4 baadaye arudie kreatinini na potasiamu. Enalapril ikimletea kikohozi kikavu, asiache kimyakimya, aombe kubadilishiwa.

Magoti yakiuma, msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani: hubana damu iendayo kwenye figo. Parasetamoli inatosha. Na siku anayotapika au kuharisha, pigieni kliniki kabla hajameza losartan na metformin, kidonge cha kisukari. Mwili ukikauka, dawa hizo hugeuka mzigo. Insulini msiisimamishe bila kuuliza.