Malalamiko: mtungi wa gesi ya kukalibreti mlioniuzia Mtwara

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Mimi ni fundi wa mashine za kupima gesi hapa Mtwara mjini, wateja wangu wengi ni vijana wa magari ya majitaka na mafundi wanaoshuka kwenye visima na machemba, na naandika kwa sababu nimewapigia simu mpaka nimechoka, kila anayepokea ananirusha kwa mwenzake.

Mtungi mlionitumia kwa basi toka Dar ni wa gesi ya kukalibreti, yaani gesi ya kipimo kinachojulikana ya kurekebishia mashine isome sawa, una gesi nne, lebo inasema metheni asilimia 2.5, oksijeni asilimia 18, kaboni monoksaidi ppm 100 (ppm ni sehemu kwa milioni), haidrojeni salfaidi, ile gesi ya sumu ya mashimoni, ppm 25, iliyobaki naitrojeni. Nikachukua mashine niliyoihakiki kwa mtungi mzima wa fundi mwenzangu wa Lindi nikaichomeka kwenye wa kwenu, metheni ikaja sawa, oksijeni sawa, kaboni monoksaidi sawa, ila haidrojeni salfaidi ikagota 14 na nikaiachia gesi ipite muda mrefu wala haikupanda. Mtungi ukivuja inashuka presha, haiwezi kuchagua gesi moja. Hii imeliwa humohumo ndani.

Na mnajua kabisa imeliwa na nini maana mtungi wenyewe ni wa chuma, nimeweka sumaku imenasa paap. Haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hivyo ndani ya chuma kitupu inang'ang'ania ukutani, ikikuta kutu inageuka salfaidi ya chuma, na kukiwa na unyevu ndo inaisha haraka zaidi, ndo maana gesi hii huwekwa kwenye mtungi wa aluminiamu uliotibiwa ndani. Metheni haina ugomvi na chuma, halafu asilimia 2.5 ni ppm 25,000, hata ikipungua 11 nani atajua? Kwenye 25 ukitoa 11 ni karibu nusu! Na regyuleta mliyonipa, kile kifaa cha kupunguza presha mdomoni mwa mtungi, ni ya shaba wakati gesi hii inataka ya chuma cha pua.

Halafu kuna hii ya stika, hii imeniuma. Nimebandua kwa ukucha ile ya tarehe ya mwisho wa matumizi, chini yake kuna nyingine na tarehe yake ilishapita. Mchanganyiko wenye gesi korofi kama hii hata kwenye mtungi sahihi haudumu kama ule wa metheni peke yake, sasa mnaongeza tarehe kwa gundi?

Kijana wenu wa huduma kwa wateja aliniambia niulaze mtungi niubingirishe gesi ijichanganye. Gesi zikishachanganyika hazijitengi zenyewe jamani, na iliyokwisha liwa na chuma hairudi kwa kubingirisha. Mwingine akamwambia mteja wangu sensa yake, kile kipande cha ndani ya mashine kinachonusa gesi, imekufa anunue mpya, kwenu! Akanunua, na sensa ya zamani ninayo hapa, inasoma vizuri kwenye gesi nzima.

Msione ni hasara ya hela tu. Mashine ikikalibretiwa kwa gesi ya 14 inayojiita 25 inasoma juu, alamu ya ppm 10 inalia hewa ikiwa na 5 au 6 tu, inalia kutwa nzima, na vijana wakishachoka na kelele wanaizima wanashuka hivyohivyo. Shimoni ikifika kama 100 pua inakufa ganzi, ile harufu ya yai viza huisikii tena, na huyo aliyezima mashine yuko chini.

Nataka mtungi wa aluminiamu wenye cheti kinachoonyesha tarehe ya kujazwa na kipimo halisi, regyuleta ya chuma cha pua, na mteja wangu arudishiwe hela ya sensa. Pia wapigieni wote mliowauzia mitungi ya shehena hii huku kusini waache kuitumia. Mtungi wangu na stika zote mbili nimeviweka, tumeni mtu aje aone. Nijibuni kwa maandishi, sio kwa simu.

Fundi wenu, Mtwara