Barua ya wazi kwa vijana wetu wenye mashamba: anayekukamulia ng'ombe husali wapi?

Kwenu wanangu na wajukuu zangu mnaofuga na kulima, mnaoamka alfajiri kukamua na Jumapili mkajaza viti vya kanisa letu la Kipresbiteri: Bwana asifiwe.

Kila tunapoadhimisha mwanzo wa kanisa hili nawasikia mkiwashukuru Waskoti, wamisionari kutoka Scotland, kwa shule, hospitali na utaratibu wa ibada. Shukrani hizo ni haki yao. Kazi yao ya misheni ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, na mwaka 1908 ikafika Tumutumu. Daktari John Arthur, ambaye wazee wetu walimtaja sana, alifika Kikuyu mwaka 1907. Hayo mnayajua. Tusiowataja ni wale waliobaki kwao wakilima, wakatoa sadaka iliyowatuma hao wengine. Watoto wao walidondosha senti katika visanduku vya misheni kwenye shule ya Jumapili. Mama zao walikuwa katika Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa kilichoanzishwa huko Scotland mwaka 1887, ambacho akina mama wetu wanakivalia kitambaa hadi leo. Nataka muwafahamu watu hao, kwa sababu maisha yao yanafanana na yenu kuliko ya daktari au mchungaji yeyote. Kuna jambo lao nataka mlishike, na kuna jambo lao nataka mlikimbie.

Chukueni shamba la Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Scotland, siku za Mfalme Edward wa Saba, kati ya 1901 na 1910. Mara nyingi mkulima hakuwa mwenye ardhi. Alikodi kwa bwana mwenye eneo kubwa. Alipanda oti, ile nafaka ya nchi za baridi, na viazi, na tanipu, mizizi minene ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi, kisha akalipumzisha shamba kwa majani ili udongo usichoke. Plau ilivutwa na farasi wawili wakubwa, wengi wao Clydesdale. Vijana wa farasi waliamka yapata saa kumi na moja alfajiri kuwalisha, na saa kumi na mbili walikuwa tayari kwa kazi. Mapumziko ya mchana yalikuwa marefu kwa ajili ya farasi zaidi ya kwa ajili yao. Mama wa nyumba na msichana wa jikoni walikamua kwa mkono, wakasuka siagi, wakaoka mikate myembamba ya oti juu ya bamba la chuma. Mayai na siagi vilikwenda dukani vikarudi chai na sukari. Asubuhi ni uji wa oti, na mara nyingi jioni ni unga ule ule umemwagiwa maji moto. Hata Krismasi haikuwa sikukuu. Wapresbiteri wale hawakuiadhimisha, na tarehe 25 Desemba kazi iliendelea kama siku nyingine. Upande wa kusini-magharibi, huko Ayrshire, ndiko walikotoka wale ng'ombe wekundu wenye mabaka meupe ambao wengi wenu mnao zizini leo.

Sasa tazameni Jumamosi jioni katika nyumba hiyo, maana hapo ndipo napapenda. Viatu vya nyumba nzima vimepangwa mstari mmoja, vya baba hadi vya kitinda mimba, na mmoja wa watoto anavipaka rangi vyote. Maji yamechotwa ya siku mbili. Viazi vimemenywa, vimetiwa katika sufuria ya maji. Supu ya kesho inachemka leo. Baba ananyoa ndevu kabla ya usiku wa manane, kwa sababu wembe hautashikwa Jumapili. Vitu vya kuchezea vimewekwa kabatini. Jumapili inapoingia, zinabaki kazi mbili tu: ya lazima na ya huruma. Maneno hayo yamo katika Katekisimu Fupi, kitabu cha mafundisho ya imani chenye maswali 107 na majibu yake, ambayo mtoto alikaririshwa shuleni na nyumbani. Jibu la swali la 60 ndilo linalosema hivyo. Ng'ombe wakamuliwe, kwa kuwa titi lililojaa linauma. Farasi walishwe. Mengine yote yangoje Jumatatu.

Kisha ni kanisani, wengine kwa miguu maili kadhaa, mkulima mwenye uwezo kwa kigari cha farasi. Mzee wa kanisa amesimama mlangoni kando ya sahani ya sadaka. Zaburi zinaimbwa kwa mashairi waliyokuwa wakiyatumia tangu mwaka 1650. Mahubiri ni marefu, na bibi anapitisha peremende kwa wajukuu chinichini ili wasisinzie. Jioni baba anachukua Biblia, sura inasomwa, watoto wanaulizwa mchungaji alisema nini, wote wanapiga magoti wakiegemea viti vyao. Katika nyumba zilizoshika sana, Biblia hiyo ilifunguliwa pia Jumatatu, Jumanne na kila siku, baada ya kazi. Hilo ndilo nataka mlishike, kwa mikono miwili: ibada iliyoingia jikoni na ikapangiwa saa yake katikati ya kazi za shamba.

Lakini yupo mtu ambaye hakupiga magoti hapo. Zamani za babu zao, bwana na watumishi walikula meza moja na kusali pamoja. Karne ya 19 ilipowatajirisha wakulima, nyumba nyingi zikawa na meza mbili. Familia ikahamia chumba cha mbele. Wale vijana wa farasi wakabaki kula jikoni, na wakishashiba walirudi kwenye chumba chao kando ya zizi la farasi. Humo mlikuwa na vitanda, na sanduku la kila mmoja lenye nguo zake, wembe wake, na pengine barua za mama yake. Farasi walikuwa upande wa pili wa ukuta. Hawa ndio waliolima ardhi yote hiyo, na wengi wao walikuwa wavulana ambao shule ilikuwa imewaachilia juzi tu.

Waliajiriwa kwa miezi sita. Tarehe 28 Mei na tarehe 28 Novemba ndizo siku za kuhama. Kabla ya hapo walisimama sokoni mjini, mkulima akapita akiwatazama mabega, wakapatana mshahara, naye akampa kijana sarafu ya arubuni, na mapatano yakafungwa. Kijana asiyeridhika alihama kila mara, na kanisa lake likahama naye, au likabaki nyuma. Wachungaji walilalamika kwa miaka mingi kwamba hawawaoni vijana wa plau ibadani. Mimi nauliza: nani aliwaalika wakae kiti kimoja na familia?

Na msichana wa jikoni akipata mimba, baraza la wazee lilimwita. Ile adhabu ya kusimamishwa mbele ya watu wote ilikuwa imekwisha karibu kila mahali kufikia wakati huo, lakini kuulizwa na wanaume waliovaa nyeusi, mmoja wao huenda ndiye mwajiri wake, kulibaki. Wilaya zile za kaskazini-mashariki zilijulikana Scotland nzima kwa watoto wengi waliozaliwa nje ya ndoa. Nami nasema wazi, ukiwa mwanaume mwenye mali na msichana wa watu analala chini ya paa lako, deni la kwanza ni lako.

Makosa mengine walikuwa nayo. Waligombania majengo na mali ya kanisa hadi kesi ikaamuliwa London na House of Lords, baraza la juu la Bunge lililokuwa pia mahakama ya mwisho, mwaka 1904, ikabidi Bunge litunge sheria mwaka uliofuata ili kuwagawia upya. Sitakaa hapo; ugomvi wa majengo hata sisi tunaujua.

Turudi kwetu. Kama desturi ya mzee wa kanisa ilivyo, naingia maboma mengi ya wilaya yangu, yaani sehemu ya washirika niliyokabidhiwa. Nimekuta ibada ya familia inaendelea sebuleni, watoto wanaimba vizuri ajabu, na dirishani anapita kijana na ndoo ya maziwa akielekea chumba chake nyuma ya zizi, na hakuna anayemwita. Nimeona hivyo zaidi ya boma moja. Amri ya nne mnaikariri tangu darasa la kipaimara: "wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala mnyama wako wa kufuga, wala mgeni aliye ndani ya malango yako." Ng'ombe mmempa mapumziko yake, kwa sababu asipopumzika maziwa hupungua. Mtu anayemkamua je?

Kwa hiyo nawaomba, na wale wa wilaya yangu nawaagiza. Sogezeni saa ya ibada hadi amalize kukamua. Zaburi haitaharibika kwa kungoja nusu saa. Awe na kiti chake, asikae kwenye ndoo mlangoni. Apewe zamu ya kusoma kama wengine, na kama kusoma kunamshinda, mfundisheni. Akiwa wa kanisa jingine au Mwislamu, msimlazimishe. Mpeni nafasi ya kwenda kwake, na siku hiyo mmoja wenu ashike ndoo. Mshahara wake msiungojeze hadi malipo ya bonasi ya chai. Yeye hana hisa kiwandani. Anapohama, mwandikieni barua ya kanisa aende nayo, ili asifike ugenini kama mtu asiye na wenyewe. Msichana wa nyumbani akipatwa na shida, asitupiwe mizigo yake barabarani usiku. Niiteni mimi, waiteni akina mama wa Guild, tukae pamoja naye, si juu yake.

Na Jumamosi jioni, mnapopanga viatu, pangeni na gumbuti zake.

Nitaanza kuwatembelea mwezi ujao, boma kwa boma, kabla ya Meza ya Bwana. Safari hii sitauliza kwanza habari za zaka. Nitawauliza jina la kila mtu anayelala ndani ya malango yenu, kwao ni wapi, na mara ya mwisho alisali lini pamoja nanyi. Nitapenda anijibu mwenyewe.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa, ninayewapenda katika Bwana.